Jina la Mwanamke Kwenye Khutba ya Ijumaa

Tangu Machi 19, 2021, siku Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania, kuna mjadala uliokuwa umelala ambao umeamka kwenye mabaraza ya Waislamu wa kwetu na haujalala tena. Nimeukuta Unguja baada ya Alasiri, nimeukuta Kariakoo kwenye duka la vitabu vya dini, nimeukuta hata kwenye kundi la familia kwenye simu. Mmoja hutoa hadithi iliyopokewa na Bukhari: "Hawatafaulu watu waliomtawalisha mwanamke." Mwenzake humjibu kwa Bilqis, Malkia wa Sabaa, ambaye Qur'ani katika Surat An-Naml inamwonyesha akiwataka shauri wakuu wake kabla ya kukata neno. Hapo kila mmoja hushika lake, kahawa ikaisha, watu wakaondoka.

Kinachonisikitisha ni pengo linaloachwa katikati. Watu huruka kutoka kwa Bilqis hadi Ikulu ya Dodoma, kana kwamba katika karne zote za Uislamu hakuna mwanamke aliyekalia kiti. Walikalia. Na maulamaa walikuwepo, wakahukumu kesi na kutunga vitabu chini yao. Historia hiyo haiwezi kumaliza suala la kisheria, nalikubali hilo tangu mwanzo. Lakini inatuonyesha suala lenyewe liliulizwa lini, na nani, na kwa haja gani.

Kwanza tuelewane juu ya kipimo. Zamani, aliyetaka kujua nani mtawala aliangalia mambo mawili: khatibu anamwombea nani dua juu ya mimbari siku ya Ijumaa, na sarafu imepigwa kwa jina la nani. Wake na mama wa masultani waliokuwa na sauti nyuma ya pazia walikuwa wengi, nao siwahesabu hapa. Nawazungumzia waliotajwa mimbarini.

Kairo, mwaka 1250, alitajwa Shajar al-Durr. Alianza maisha akiwa kijakazi wa Kituruki, akawa mke wa Sultani as-Salih Ayyub. Sultani alifariki Novemba 1249 huko al-Mansura wakati jeshi la Mfalme Louis wa 9 wa Ufaransa limeshauteka mji wa Dimyat na linasonga mbele. Shajar al-Durr aliificha maiti. Chakula kiliendelea kuingizwa hemani kwa Sultani, waganga wakaendelea kuingia na kutoka, amri zikaendelea kutolewa zenye alama ya mkono wa marehemu. Jeshi halikujua kuwa linapigana bila sultani. Mtoto wa marehemu, Turanshah, alifika, Wafaransa wakashindwa na mfalme wao akashikwa mateka; lakini Turanshah akagombana na Wamamluki, askari watumwa wa baba yake, wakamuua. Ndipo Mei 1250 wakamtawalisha Shajar al-Durr. Ni chini ya utawala wake Louis aliachiliwa kwa fidia kubwa na Dimyat ikarudi.

Tazama sasa sarafu yake. Inamwita Malkia wa Waislamu, lakini inamwita pia mama wa al-Mansur Khalil. Khalil alikuwa mwanawe aliyekufa angali mdogo. Mwanamke aliyeishika dola katikati ya vita ilimbidi asimame nyuma ya jina la mtoto aliyekwishazikwa. Amri zake pia alizitia saini hivyo: Mama wa Khalil. Kwangu mimi sarafu ile inasema mengi kuliko vitabu vizima vya siasa.

Alidumu siku 80 hivi. Maamiri wa Damascus walikataa kumtii wakampa mji mtu wa ukoo wa Ayyubi, ukoo wa as-Salih, aliyetawala Aleppo, na inasimuliwa kuwa Khalifa al-Musta'sim aliandika kutoka Baghdad akisema ikiwa Misri haina mwanamume, wamwambie, atawapelekea mmoja. Shajar al-Durr akajiuzulu na kuolewa na amiri Aybak, aliyechukua usultani. Mwaka 1257 Aybak aliuawa kwa njama ya Shajar al-Durr, naye Shajar akauawa baada ya siku chache. Wanaopinga utawala wa wanawake huishia hapo na kusema: mmeona? Sipendi hoja hiyo. Turanshah hakumaliza hata miezi mitatu akauawa na askari wake, Aybak aliuawa bafuni, na hakuna aliyesema kuwa hao waliangushwa na uanaume wao. Khalifa aliyetaka kupeleka mwanamume aliuawa mwaka 1258, Baghdad ikateketea mikononi mwa Hulagu, mtawala wa Wamongolia. Zama zenyewe zilikuwa za damu.

Sasa tuvuke bahari hadi Yemen, karne moja na zaidi nyuma. Arwa binti Ahmad, wa ukoo wa as-Sulayhi, alianza kushika mambo mumewe al-Mukarram alipopooza, akaendelea baada ya kifo chake hadi alipofariki mwaka 1138, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Ni zaidi ya nusu karne. Khutba ilitaja jina la khalifa wa Kifatimi wa Kairo, kisha jina lake. Watu walimwita as-Sayyida al-Hurra. Al-Hurra ni neno ambalo sisi wa pwani tungelisema mwungwana.

Wanahistoria wa Yemen wana kisa chake ninachokipenda. Alitaka kuhamisha makao makuu kutoka Sanaa kwenda Jibla, mumewe akasita. Akamwomba awakusanye watu wa Sanaa, wakaja. Alipotazama aliona mapanga na mikuki inameta. Walipofika Jibla akaomba hivyo hivyo, na safari hii aliona mtu anaburuta kondoo, mwingine amebeba mtungi wa samli, mwingine asali. Akasema kuishi na hawa ndiko bora. Mji ukahama. Ni akili ya mtawala anayejua kodi inatoka wapi na uasi unatoka wapi.

Kwa nini mmoja alidumu siku 80 na mwingine zaidi ya nusu karne? Dini yao ilikuwa moja, Qur'ani moja. Tofauti ninayoiona ni mahali uhalali ulipotoka. Shajar al-Durr alihitaji muhuri wa Baghdad akaukosa. Arwa alikuwa na muhuri wa Kairo: Khalifa al-Mustansir alimtambua, akampa hata cheo cha hujja, daraja ya juu katika da'wa, yaani uongozi wa ulinganiaji, ya Kiismaili, tawi la Shia. Khalifa huyo huyo alipomwamuru aolewe na amiri Saba' bin Ahmad, alimjibu mjumbe kwa kuazima maneno ya Malkia wa Sabaa, kwamba ameletewa barua tukufu. Alijua anachokisoma.

Mpinzani makini atasema: huyo ni Muismaili, hawezi kuwa hoja kwa Sunni. Ni pingamizi la haki. Urithi wake upo hai kwa Mabohora wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam, ambao da'wa yao ya Kitayyibi ilisimama kwa uamuzi wake, lakini kwa Mshafi jambo hilo halimbani.

Basi turudi kwenye hadithi. Aliyeipokea ni Sahaba Abu Bakra (si Abubakar, khalifa wa kwanza), akisema ilimfaa siku za Vita vya Ngamia, mwaka 656, Bibi Aisha alipotoka na jeshi. Sababu ya kusemwa kwake ni habari kuwa Waajemi wamemtawalisha binti wa Kisra, mfalme wao. Wapo wanaoona kuwa maneno hayo yanawahusu Waajemi wale tu. Wapo wanaoitilia shaka hadithi yenyewe kwa kuwa Abu Bakra alipigwa mijeledi wakati wa Sayyidna Umar katika kesi ya ushahidi dhidi ya al-Mughira. Hoja hii ya pili naiona dhaifu: wanazuoni wa hadithi walitenganisha kutoa ushahidi mahakamani na kupokea hadithi, na Bukhari hakuwa mtu wa kubahatisha. Wengi wa mafakihi, akiwemo al-Mawardi, waliichukua kwa ujumla wake, na anayetaka kuijadili aanze kwa kukiri uzito huo.

Lakini ndani ya nyumba hiyo hiyo ya fiqhi kuna vyumba. Abu Hanifa alimruhusu mwanamke kuwa kadhi katika mambo ambayo ushahidi wake unakubaliwa. Kutoka kwa at-Tabari imepokewa ruhusa pana zaidi ya hiyo. Ibn Hazm wa Andalusia, ambaye hakuna awezaye kumwita mlegevu wa nassi, yaani maandiko ya dini, alisema hadithi inahusu ukhalifa, yaani jambo la umma wote, na kwamba mwanamke anaweza kushika hukumu. Akataja kuwa Umar alimweka mwanamke, ash-Shifa, kusimamia soko. Kwa hiyo swali linageuka: je, rais au sultani wa nchi moja ni khalifa? Mimi naona si khalifa. Anayeona kwamba mkuu wa nchi ndiye aliyeirithi kazi ya imamu wa umma ana msingi wake, maana kiongozi wa leo ana amri ya majeshi kuliko masultani wengi wa zamani.

Kwa Sunni, shahidi wangu wa kwanza ni mtu aliyewahi kuteremka Mombasa na Kilwa mwaka 1331: Ibn Battuta. Zaidi ya miaka 10 baadaye alifika visiwa vya Maldives, akakuta mtawala ni Sultana Khadija, binti wa Sultani Jalaluddin. Alilitaja kuwa moja ya maajabu ya visiwa vile. Anaeleza amri zikichorwa kwa chuma kilichopinda juu ya majani ya mnazi, karatasi ikiwekwa kwa ajili ya misahafu na vitabu vya elimu tu. Anatunukulia dua ya khatibu akimwombea Sultana. Na yeye, fakihi wa Kimaliki, alikubali ukadhi huko, akawa mkali hata kuwagombeza wanawake waliotembea vifua wazi, na akashindwa kuwavisha. Ukadhi chini ya mwanamke haukumkera kiasi cha kukataa. Ila anasema wazi pia kuwa aliyekuwa akitoa amri ni mume wa Sultana, waziri. Hapo upande wa pili una nguvu: jina mimbarini halikuwa lazima mkono serikalini.

Shahidi wa pili ni Aceh, kaskazini mwa Sumatra, watu wa madhehebu ya Shafi kama sisi wa pwani. Kuanzia 1641 hadi 1699 walitawaliwa na wanawake wanne mfululizo. Wa kwanza, Safiatuddin, binti wa Iskandar Muda, alitawala miaka 34. Hakuwa pambo. Abdurrauf wa Singkil, aliyesoma Uarabuni miaka 19, alirudi akawa mwanazuoni mkuu wa nchi na kuandika kitabu cha fiqhi kwa ombi la malkia huyo. Wakosoaji husema matajiri wa mji walimtaka mwanamke wakidhani hatawabana kama baba yake alivyowabana, na kwamba katika enzi hiyo Aceh ilipoteza maeneo na biashara ya bati kwa Waholanzi. Yote mawili yana ukweli.

Mwisho wake ndio ninaotaka usomwe kwa makini. Mwaka 1699, Abdurrauf akiwa ameshafariki, ilitolewa barua iliyosemwa imetoka Makka ikieleza kuwa utawala wa mwanamke haufai kisheria. Malkia Kamalat akaondolewa, na aliyekaa badala yake ni sharifu wa asili ya Kiarabu aliyekuwa na kundi lake mjini. Hadithi ya Bukhari ilikuwapo miaka yote 58. Kilichokuwa kipya ni mgombea. Naujua utetezi: mafakihi wa Sunni hufundisha kumtii aliyekwishashika madaraka ili kuepuka fitina, kwa hiyo ukimya wa Abdurrauf si idhini. Ni utetezi mzuri. Ila yeye hakukaa kimya tu. Alishika kalamu kwa ombi la Malkia Safiatuddin.

Na kwetu? Pate, katika karne ya 18, alitawala Mwana Khadija, na habari za Pate zinaeleza enzi yake kuwa ya fitina kati ya makundi mawili. Unguja alikuwapo Malkia Fatuma, aliyewapelekea chakula waliozingirwa ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, kati ya 1696 na 1698, Waomani wakamchukua mateka hadi Muscat. Alichagua upande wa Wareno, na kwa hilo wengi hawajamsamehe. Mwali, katika visiwa vya Komoro, Jumbe Fatima alikalia kiti mara ya kwanza mwaka 1842 akiwa mtoto, akavutwa huku na Wafaransa, huku na Zanzibar. Hawa sikuwataja ili kuwasifu. Walikosea na kupatia kama masultani wenzao, na ndivyo ninavyotaka wapimwe.

Mwezi uliopita nilimsimulia haya mzee mmoja wa barazani, mtu wa Kilwa, ambaye kila mara ndiye hutoa ile hadithi. Nikamwambia kuwa huko Goa, India, kwenye nyaraka za Wareno, kuna barua za mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, na mwandishi wake mmoja ni Fatima, malkia wa Kilwa. Akanyamaza kidogo. "Kilwa yetu hii?" Nikamwambia ndiyo. Rai yake juu ya hadithi haikubadilika, wala sikuja kuibadilisha. Alichotaka ni nimwandikie jina la malkia yule na mwaka kwenye kikaratasi, akakikunja na kukitia ndani ya kofia.