Hasira ya jirani yangu inafika Washington, ya Gikomba inaishia barabarani

Jirani yangu hapa Minnesota, mzee mstaafu wa kilimo, ameniuliza tena kwa nini sisi Waafrika tumeiuzia China nchi zetu. Mchina pekee anayemjua ni mwenye mkahawa wa hapa mtaani, na huyo anampenda sana. Swali lake huniudhi, halafu wivu hunishika: mawazo ya mzee huyu kuhusu China yana uzito Washington.

Mwaka 2023 watafiti wa maoni wa Pew, kituo cha Marekani, walikuta Wamarekani 83 katika kila 100 hawaipendi China. Mwanasiasa gani atacheza na hesabu hiyo? Februari mwaka huo puto la Wachina lilipoonekana angani Montana, Blinken, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati huo, alikuwa karibu kupanda ndege kwenda Beijing. Safari ikaahirishwa, akaenda Juni. Tarehe 6 Februari, siku mbili baada ya puto kutunguliwa, madiwani wa Grand Forks, jimbo jirani la North Dakota, wakakikataa kiwanda cha mahindi cha kampuni ya Kichina ya Fufeng. Wakazi walikuwa wamekipinga kwa muda mrefu, na jeshi la anga likatia neno. Madiwani, jamani!

Mwezi huohuo, kwetu Kenya, wafanyabiashara wa masoko ya Nairobi, Gikomba, Nyamakima na Kamukunji, waliandamana kulipinga China Square, duka kubwa la Wachina lenye bei za chini. Moses Kuria, waziri wa biashara wakati huo, akawa upande wao. Korir Sing'oei, katibu wa wizara ya Mambo ya Nje, akatangaza kwamba Kenya inawakaribisha wawekezaji wote. Duka, lililokuwa limefungwa kwa muda, likafunguliwa tena, mambo yakaisha.

Nawasikia: "Huyu kaonja theluji, sasa anatufundisha." Mwingine atasema hiyo ya Marekani ni chuki tu. Sehemu yake ni chuki, sikatai. Florida ilipitisha sheria mwaka 2023 kuwazuia Wachina wengi kununua nyumba na ardhi, na anayeumia ni mtu aliyetaka tu pa kulala. Hilo silitetei hata kidogo.

Lakini linganisheni. Mzee wangu maoni yake ameyatoa kwenye televisheni. Mama wa Gikomba ameyatoa mfukoni mwake: anajua kontena linagharimu kiasi gani, anajua nani anamuuzia na nani sasa anashindana naye. Kwa ujuzi wa China, anamwacha mzee mbali, na hata baadhi ya maseneta. Bado anaambiwa mambo ya nje ni ya wataalamu.

Wataalamu gani? Wale waliotufichia mikataba ya SGR, reli yetu mpya iliyojengwa kwa mkopo wa China, tukaonyeshwa sehemu yake Novemba 2022, treni ikiwa imekimbia miaka mitano, tukakuta mgogoro ukizuka utaamuliwa Beijing? Ruto aliomba kura akiahidi kuifungua mikataba hiyo. Oktoba 2023 alikuwa Beijing akiomba dola bilioni moja zaidi za barabara. Huenda barabara hizo tunazihitaji, mimi mwenyewe nimekwama kwenye mojawapo. Basi tuulizwe kabla ya wino kukauka.