Kaka, hamna nyama hapo, ni kuku tu

Niliagiza tambi za kukaanga zisizo na nyama kwenye mkahawa mmoja wa Kichina hapa Arusha. Sahani ikaja na vipande vyeupe vimejificha chini ya karoti. Nikamwita mhudumu. Akainama, akachungulia, akaniambia kwa upole kabisa: "Kaka, hamna nyama hapo, ni kuku tu."

Sikumlaumu. Kwetu nyama ni ng'ombe na mbuzi. Kuku ni kuku, samaki ni samaki. Na ukisema unataka mboga ndio umeharibu kabisa, maana hata nyumbani ukiuliza "leo mboga nini?" unaweza kujibiwa "utumbo". Huu ni mwaka wa sita sili nyama (sababu ni zangu, chalii wa Chuga asiyegusa mishkaki anachekwa vya kutosha bila kujieleza), na nimejifunza kutaja kimoja kimoja: bila ng'ombe, bila kuku, bila samaki, bila supu ya mifupa, bila sosi ya chaza.

Hiyo ya mwisho ndiyo imewanasa wengi. Ile sosi nyeusi nzito inayong'arisha uyoga na brokoli mara nyingi ni ya chaza, si ya soya. Tofu ya mapo nayo, mchuzi mkali wa vipande vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, ukiiona kwenye menyu unadhani umefika, kumbe kwao, jimbo la Sichuan, hupikwa na nyama ya kusaga. Halafu kuna ule ukurasa wa "vyakula vya mboga", ambao kwa maoni yangu ndio ukurasa mvivu kuliko yote: wamechukua chakula cha nyama, wameondoa nyama, bei wameiacha palepale.

Na Wachina wenyewe wana upishi mzima usiogusa nyama, ule wa mahekalu ya Kibudha. Mfalme Wu wa nasaba ya Liang, aliyetawala kuanzia mwaka 502 hadi 549, aliwakataza watawa nyama na pombe, na wapishi wao wamekuwa na karne nyingi za kubuni. Neno lao ni "su". Siku moja nilimwomba mhudumu alipeleke neno hilo jikoni. Mpishi akatoka mwenyewe, kisu mkononi, anacheka, akaniuliza kama nakula vitunguu, kwa sababu watawa hawali hata hivyo. Nikajibu nakula. Nikaletewa bilinganya laini zilizopikwa na tangawizi, na kabichi iliyorushwa kwenye moto mkali na siki na pilipili kavu. Menyu haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Tangu siku hiyo napima mkahawa kwa kitu kimoja tu: mpishi akiulizwa, naye anauliza?

Chakula cha Kivietinamu nimeishia kukipika mwenyewe. Pho, supu yao ya tambi za mchele, kwa kawaida ni ya mifupa, na karibu kila kitu kingine kinatiwa nuoc mam, maji ya dagaa wa baharini waliolazwa kwenye chumvi miezi na miezi. Lakini nao wana neno lao, "chay", na Wabudha wengi huacha nyama siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi mwandamo. Pho chay haihitaji maajabu. Choma tangawizi na kitunguu kwenye mkaa mpaka vibabuke, chemsha na figili nyeupe, karoti, mdalasini na karafuu. Ukiwa na viungo vya pilau jikoni, nusu unavyo. Juu weka kotimiri, mnanaa, ndimu na choroko zilizooteshwa.

Choroko hizo utahangaika kuzitafuta dukani bure. Loweka usiku mmoja, funga kwenye kitambaa kibichi, nyunyizia maji asubuhi na jioni. Siku ya tatu au ya nne zimeota mikia. Mengine yote yapo soko la Tengeru, Jumatano na Jumamosi. Chainizi, ile mboga ya majani, tumeila na ugali miaka yote bila kujiuliza jina limetoka wapi. Hapohapo Tengeru kuna kituo cha utafiti wa mboga chenye makao makuu Taiwan. Kilifika mwaka 1992, na kabichi ya Kichina, choroko na soya ni miongoni mwa mazao kiliyoanza nayo huko kwao. Mboga zimeshatufikia, sahani ndiyo bado.

Kinachonishinda ni tofu. Soya ipo soko la Kilombero, hapahapa mjini. Naloweka, nasaga, nachuja, nachemsha, nakamulia ndimu, maziwa yanakatika vizuri. Nafunga kwenye kitambaa, naweka jiwe juu. Ya kwanza ikawa uji. Ya pili ilishika, nikaitupa kwenye mafuta ikasambaratika. Badala ya ndimu Wachina hutumia jasi, na jasi niliyoiona mimi madukani ni ya kuwekea dari, siitii kwenye chakula. Kama kuna mtu Njiro au Sakina anayetengeneza tofu ngumu ya kuuza, aniambie. Chombo nakuja nacho.