Kipimo cha damu cha kichwa kianzie Kilindi

Mtu akianguka na bodaboda, akainuka, akajipangusa vumbi na kuuliza simu yake iko wapi, ndugu hushusha pumzi. Daktari wa zamu hawezi. Majeruhi mwenye alama 13 hadi 15 katika kipimo cha fahamu cha Glasgow huhesabiwa ameumia kidogo, lakini wapo wachache ambao damu inavia ndani ya fuvu huku wanaongea vizuri kabisa. Kuwajua bila siti skani, mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa, ni kazi.

Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kinachotafuta protini mbili zinazovuja ubongo unapoumia, GFAP na UCH-L1. Tangu 2024 kipo cha kufanyia kando ya kitanda, jibu ndani ya dakika 15, kwa mtu wa miaka 18 na kuendelea aliyeumia ndani ya saa 24. (Mtoto aliyeanguka mwembeni hahusiki, na hao kwetu si wachache.)

Tukisikia kifaa kipya, mawazo hukimbilia hospitali kubwa: Muhimbili, au kwa sisi wa Tanga, Bombo. Mimi naona kianzie wilayani: Kilindi, Pangani, Mkinga. Penye siti skani daktari akiwa na shaka anaagiza picha, basi. Pasipo nayo, shaka ya daktari ni rufaa, na rufaa ni ndugu kuchangishana nauli usiku.

Tusidanganyane, hakitawabakiza wote nyumbani. Katika utafiti wa kile cha 2018, uliofanyika Marekani na Ulaya, kikisema hakuna kitu, kilikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 99. Ila kati ya wale ambao picha zao zilikuwa safi, ni kama theluthi tu waliopata jibu hilo. Waliobaki kiliwatilia shaka bure. Theluthi hiyo ndiyo ninayoipigania. Pia jibu zuri halina maana kwamba ubongo haukutikisika. Akianza kutapika au kusinzia kupita kawaida, arudishwe hospitali mara moja.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vitendanishi, yaani dawa za kupimia. Nani hajawahi kuambiwa mashine ipo, vitendanishi vimeisha? Kabla wageni rasmi hawajapiga picha na kifaa hiki, mganga mkuu wa mkoa aulizwe vya mwaka wa pili vitanunuliwa na fungu lipi.