Mwana wa Mhunzi Huko Thibodaux

Mpwa wangu ana miaka 14 na viatu vyake vinavizidi vyangu namba mbili. Anaishi na mama yake, dada yangu, hapa Texas, nami nakaa mwendo wa dakika ishirini kutoka kwao, kwa hiyo mjomba wa zamu ni mimi: wa kumpeleka mazoezini, wa kumfuata jioni, wa kusikiliza malalamiko njiani. Mwaka jana lalamiko lilikuwa moja tu. Alikwenda kujiandikisha kwenye timu ya futiboli, hii ya Kimarekani ya kushika kwa mikono, akitaka kuwa kwotabeki. Kocha akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akamwonyesha kwa kidole upande wa vijana wa kukaba.

"Mjomba, hata hakuniona nikirusha."

Basi tangu hapo ni Thibodaux, Thibodaux, Thibodaux. Nyumba nzima tumeujua mji huo mdogo wa Louisiana, wa mashamba ya miwa na mto wa polepole, saa moja na kidogo kwa gari kutoka New Orleans. Kila mwaka mwishoni mwa Juni, jua likiwa limekaza na hewa imejaa maji kama Tanga mwezi wa tatu, zaidi ya vijana elfu moja hulala kwenye mabweni ya Chuo Kikuu cha Nicholls State wakifundishwa kurusha na kupokea mpira. Hawavai helmeti, hawapigani vikumbo. Wenye kambi ni Archie Manning, aliyekuwa kwotabeki wa ligi kuu, na wanawe watatu, Cooper, Peyton na Eli.

Msomaji uliyekulia kwenye soka kama mimi, nivumilie kidogo hapa. Kwotabeki ndiye anayeanzishiwa mpira karibu kila shambulizi. Ana sekunde mbili, pengine tatu, huku watu wanne au watano wa kilo 120 na zaidi wanamjia kumwangusha. Ndani ya muda huo anatakiwa achague nani wa kumpa pasi. Timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Kwa miaka mingi nilidhani kazi yake ni kumtafuta mwenzake aliye huru na kumtupia. Sivyo. Kwotabeki mzuri hurusha kabla mwenzake hajageuka. Hurusha mahali patupu. Anarudi nyuma hatua tatu, au tano, au saba, zilizohesabiwa. Mpokeaji naye anakimbia hatua zake zilizohesabiwa, anakata kona, anageuza kichwa, na mpira uko usoni pake. Ni hesabu mbili zinazokutana hewani. Ukisubiri umwone mwenzako yuko huru, umeshachelewa, na yule wa kilo 120 yuko mabegani pako.

Sasa hilo kijana atalijuaje kwa kutazama runinga? Kamera inafuata mpira. Miguu ya mrushaji huioni, macho yake anakoyapeleka ili kumdanganya mlinzi huyaoni, na nyonga, ambayo ndiyo inayorusha kuliko mkono, huioni kabisa. Ni kazi ya kukaa na fundi. Na mafundi, kama ilivyo kawaida ya mafundi, huanza kuwapa watoto wao.

Kwa hiyo watu wakiniambia akina Manning wamebarikiwa damu, mimi huwauliza: damu ya nani? Baba yake Archie hakuwa mchezaji wa kulipwa. Alikuwa na shughuli ya mashine za kilimo huko Drew, Mississippi, na mwaka 1969 alijiua. Archie, kijana wa miaka 20, ndiye aliyemkuta. Ufundi ulianzia kwa Archie, na ulianza vibaya. Mwaka 1971, timu za ligi kuu zilipogawana wachezaji wapya kwa zamu, New Orleans Saints walimchukua, chaguo la pili kwa nchi nzima, wakampa timu isiyoweza kumkinga. Aliangushwa, akaamka, akaangushwa tena, kwa zaidi ya miaka 10. Mwaka 1980 Saints walishinda mchezo mmoja wakapoteza 15, na mashabiki wakawa wanakuja uwanjani wamevaa mifuko ya karatasi vichwani, imetobolewa matundu ya macho, wasijulikane kwamba ni wa timu ile. Alipostaafu baada ya msimu wa 1984 hesabu yake ilikuwa ushindi 35, vipigo 101, sare 3. Hakuwahi kucheza hata mchezo mmoja wa mtoano.

Mimi hiyo 101 ndiyo inayonivuta. Ningepewa kuchagua mwalimu wa mpwa wangu, ningemchukua huyu mzee kabla ya Peyton mwenye tuzo tano za mchezaji bora wa ligi. Mtu aliyeshinda sana anaweza asijue kwa nini alishinda. Aliyeangushwa miaka yote hiyo anajua kila hatua iliyochelewa ilimgharimu nini mgongoni.

Kambi ilianza mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Tulane. Peyton wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Eli ana miaka 15. Shule nyingi za kusini zilikuwa zikipenda kukimbia na mpira kuliko kuurusha, na kijana mwenye mkono mzuri angeweza kumaliza msimu akiwa amerusha pasi za kuhesabika. Baadaye kambi ikahamia Hammond, kisha mwaka 2005 ikafika Thibodaux, ambako iko hadi leo. Katikati ya hapo Peyton akachukua Super Bowl, yaani fainali ya ligi kuu, mara mbili, moja na Colts na moja na Broncos, Eli akachukua mbili na Giants, zote mbili akiwafunga Patriots. Mzee ambaye hakuonja mtoano ana vikombe vinne nyumbani, vyote vya watoto.

Lakini niliyetaka kumzungumzia hasa ni Cooper.

Cooper ndiye kifungua mimba, na alikuwa mpokeaji. Msimu wa 1991, shule ya Isidore Newman, New Orleans, Peyton alikuwa anarusha na kaka yake anadaka. Mwaka uliofuata Cooper alijiunga na chuo cha baba yake, Chuo Kikuu cha Mississippi, wenyewe wanakiita Ole Miss, vidole vikaanza kufa ganzi. Madaktari wakakuta njia ya uti wa mgongo wake ni nyembamba mno. Kikumbo kimoja kibaya na huenda asingetembea tena. Akaacha mpira akiwa na miaka 18. Peyton akaichukua jezi ya kaka yake, namba 18, na kwenye ligi kuu aliivaa hadi siku ya mwisho.

Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Nimewahi kusikia methali hii ikitumiwa kumdharau mtu, kana kwamba kushika mivukuto ni kazi ya aliyeshindwa. Nenda basi ukamwambie mhunzi asane bila moto. Cooper hajavuta mshahara hata mmoja wa uchezaji, lakini yumo kambini na wadogo zake, na mwanawe, Arch, ndiye aliyesimama nyundo mkononi kama kwotabeki wa Chuo Kikuu cha Texas. Hapa tunapoishi jina hilo linatajwa hata kwa kinyozi. Kabla ya msimu wa 2025 timu yake iliwekwa namba moja nchini, na magazeti yalikuwa yameshamvika kofia ya ufalme. Mchezo wa kwanza Ohio State wakawafunga 14 kwa 7. Nilicheka peke yangu, si kwa ubaya. Jina halirushi mpira, na nadhani yeye analijua hilo kuliko sisi tunaomshangilia.

Jina linafungua milango, hilo silikatai. Mwaka 2004 familia ilitangaza kwamba Eli hataki kuchezea timu ya San Diego. Wakamchagua hivyo hivyo, na siku ileile wakambadilisha na New York. Mtoto wa nani mwingine angeweza kuiambia ligi hapana na ligi ikamsikiliza? Mimi nawapenda watu hawa, lakini siku ile walinikera.

Na ukitaka kujua mlango uliofungwa unafananaje, huna haja ya kutoka Louisiana. Wakati Archie anaangushwa New Orleans, vijana weusi waliokuwa makwotabeki hodari vyuoni walikuwa wakiambiwa, mmoja baada ya mwingine, wabadilishe nafasi: wewe una mbio, kuwa mpokeaji, wewe una mwili, kakabe. Kazi ya kufikiri ilikuwa na wenyewe. Warren Moon hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1978, akaenda kucheza Kanada. Doug Williams, mtoto wa Zachary, mji wa Louisiana hiyohiyo, alifundwa Grambling, chuo cha weusi, chini ya kocha mzee Eddie Robinson. Januari 1988 akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kushinda Super Bowl: Washington 42, Denver 10, na pasi nne za alama, zote katika robo moja ya mchezo. Ilichukua hadi Februari 2023 kwa makwotabeki wawili weusi, Patrick Mahomes na Jalen Hurts, kuanza pamoja katika fainali moja.

Grambling nayo ilikuwa karakana ya mhunzi. Waliokuwa hawapokelewi kwingine walijijengea yao.

Ndiyo maana kidole kile cha kocha kilinichoma kuliko kilivyomchoma mwenyewe. Sidhani kocha ana ubaya. Alimwona mtoto mkubwa, mrefu, ana jina lisilotamkika kirahisi, akafanya hesabu ya haraka ambayo watu wengi wamekwisha kuifanya kabla yake. Hata ligi yenyewe ilipopeleka kambi yake Nairobi mwaka 2023 nilifurahi, nikawatumia ndugu zangu picha, kisha nikajiuliza: huko Afrika wanatafuta nini? Sana sana wanatafuta miili. Vijana wakubwa wenye mbio, wacheza kikapu na raga, wanaoweza kufundishwa kuzuia na kukaba katika miaka miwili mitatu. Kwotabeki hafundishwi kwa miaka miwili, kwa hiyo hatafutwi. Silaumu, wana biashara yao. Ila tusishangae kwamba fedha nyingi na maamuzi yote yamekaa kwenye nafasi ambayo hatuna mtu wa kuturithisha.

Hapo ndipo ninapowapa akina Manning heshima yao. Wangeweza kukaa na ufundi wao jikoni. Badala yake wameuweka uwanjani, na makwotabeki bora wa vyuo huja kusaidia kufundisha, hata wale watakaokuwa wapinzani wa Arch msimu ukianza. Wakati huohuo sijifanyi sioni: kambi si ya bure. Ada ni ya mamia ya dola, bado safari, bado viatu. Na nje ya Thibodaux kumeota biashara nzima ya walimu binafsi wa kurusha, wanaolipwa kwa saa, wenye wateja wa darasa la sita. Mtoto wa mzazi anayefanya zamu mbili ghalani atakutana na hatua tano kwa mara ya kwanza siku ya majaribio, mbele ya kocha mwenye kidole. Ningekuwa na sauti mbele ya familia ile, ningewaomba jambo moja: makocha wa shule za kawaida wafundishwe bure, wiki nzima, kabla ya watoto. Kocha mmoja akirudi nyumbani anajua, kijiji kizima kimejua.

Dada yangu ameshakata shauri. Mwaka huu hapana, mwakani tutaona, na darasani alama zishuke tuone nani atakwenda Thibodaux. Kijana hakubisha. Alichofanya ni kutafuta video zote za Peyton, akazitazama kwa kuzisimamisha, akiangalia miguu tu, halafu akachora mistari kwa chaki kwenye maegesho ya magari ya jengo lao. Jumapili iliyopita alinishusha kutoka kwenye kochi.

"Mjomba, unakimbia hatua kumi, unakata kulia, unageuka. Usigeuke kabla."

"Na mpira?"

"Mpira utakukuta."

Nina miaka 47 na goti moja lina historia yake. Nikakimbia nikihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, majirani wakichungulia kwenye roshani. Hatua ya nane pumzi ikakata, nikageuka mapema nimwombe tupumzike. Mpira ulipita mbele ya pua yangu, ukaenda kutua palepale ambapo ningekuwa kwenye hatua ya kumi.