Niepuke Kelele, Nikaishi Wapi?

Ofisini kwetu juzi ilikuwa ile wiki ya afya ya wafanyakazi, inayokuja kila mwaka na maji ya chupa na fulana zisizomtosha mtu. Mwaka huu mada mojawapo ilikuwa kuumwa na kichwa. Nikawahi kiti cha mbele kabisa, maana kipandauso, yaani migraine, na mimi tumekua pamoja. Kilinianza nikiwa kidato cha pili na hakijawahi kunisahau siku ya mtihani, ya arusi wala ya mazishi.

Mzungumzaji alikuwa bwana nadhifu, na kipaza sauti chake kilipiga mluzi kila alipogeuza shingo. Nyuma yake projekta ilimulika ukuta mweupe. "Ili kuzuia kipandauso," akasema, na kipaza sauti kikalia tena, "epuka kelele. Epuka mwanga mkali. Epuka harufu kali. Epuka mawazo mengi." Tukapiga makofi. Mlangoni kila mmoja akakabidhiwa mfuko wa zawadi, na ndani yake mshumaa wa manukato ya lavenda uliojaza lifti nzima kabla hatujafika chini.

Sijapoa tangu siku hiyo.

Niepuke kelele. Mimi naishi mtaa wa Umoja, Nairobi. Matatu ninayopanda kabla jua halijatoka ina spika chini ya viti, na taa za buluu na zambarau zinazowaka na kuzima kwa kufuata ngoma. Mwombe makanga apunguze sauti uone; atakuuliza kama umeona hii ni ambulensi. Kanuni za serikali kuhusu kelele zipo tangu mwaka 2009, zimeandikwa vizuri sana. Usiku kuna kesha upande huu wa ploti na baa upande ule, na pande zote mbili hazina shida ya amplifaya. Niepuke harufu: foleni ya Barabara ya Jogoo ikisimama, moshi wa dizeli unaingia dirishani, ukifunga dirisha, abiria wa pembeni amejipulizia marashi ya kutosha arusi nzima. Niepuke mwanga: Januari jua la Nairobi likipiga vioo vya magari na mabati ya vibanda, niambie utatazama wapi. Niepuke mawazo: kodi ya nyumba ni tarehe tano.

Sisemi vitu hivyo havina madhara. Najua harufu ya petroli inavyoweza kunimalizia siku. Kinachoniudhi ni kwamba orodha hizi humgeuza mgonjwa kuwa mshtakiwa. Ukilala chini leo, maswali ni yaleyale: ulikula nini? Ulilala saa ngapi? Ulikasirikia nani? Wakati ugonjwa huu ni wa ubongo ulioumbwa mwepesi kushtuka, na mara nyingi unarithiwa. Mama yangu anao, na nyanya yangu alikuwa akijifungia chumbani na leso kichwani, watu wakisema ana maringo. Shambulio likiachwa bila dawa linaweza kudumu kwa muda wa saa 4 hadi siku 3. Wanawake tunaougua ni karibu mara tatu ya wanaume, na labda ndiyo sababu watu wengi wanaona ni maringo.

Isitoshe, orodha zenyewe zina kasoro. Saa kadhaa kabla ya maumivu, wakati mwingine tangu jana yake, ubongo huwa umeshaanza kazi: unapiga miayo bila usingizi, shingo inakaza, unamfokea mtoto bila sababu, unatamani kitu kitamu. Unakula chokoleti. Kesho yake kichwa kinapwita upande mmoja, na chokoleti inahukumiwa bila wakili. Huenda ile hamu ya chokoleti ilikuwa ni kipandauso chenyewe kikibisha hodi.

Haya, bwana yule nimpe haki yake, kwa shingo upande. Alisema tulale na kula kwa wakati, na hapo amesema kweli. Ubongo wa aina hii unapenda ratiba kuliko unavyopenda starehe. Kulala na kuamka saa zilezile, hata Jumapili. Kutoruka mlo. Kahawa iwe kiasi kilekile kila siku, isiwe leo vikombe vitano na kesho sifuri. Ndiyo maana wengi wetu huanguka Jumamosi: wiki nzima ya presha imeisha, umelala mpaka saa nne asubuhi, chai imechelewa, na kichwa kinakupa bili. Mimi siku hizi natembea na nduma na yai la kuchemsha mkobani, kwa sababu nikitoka nyumbani saa kumi na moja na nusu sina mdomo wa kula. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu, anayeugua kama mimi, huanza kupunguza kahawa kidogo kidogo tangu Shaaban, ili siku ya kwanza ya Ramadhani isimkute na njaa na kiu ya kafeini kwa pamoja; na daku hairuki hata akiamshwa na nani. Hiyo ni akili. Hiyo ndiyo ingestahili kupewa kipaza sauti.

(Ile leso ya nyanya, kwa taarifa yenu, inasaidia. Ikazwe sawasawa, na kitambaa cha maji baridi chini yake. Haizuii chochote, lakini inakushikia kichwa wakati unasubiri.)

Sasa nifike panaponiuma. Mhadhara ule ulipita saa nzima na hakuna aliyetaja dawa za kuzuia, wala madhara ya dawa tunazomeza ovyo. Na hapo ndipo mtaa wetu unapoangamia.

Mtaani matibabu ya kichwa ni haya: unaingia kwenye duka la dawa, unasema "kichwa," na msichana wa kaunta anauliza, "Za ngapi?" Viwili, vinne, vinakatwa kwa mkasi, vinatiwa kwenye kibahasha, mwingine asogee. Haulizi kinaumaje. Haulizi kama unatapika, au kama uliona vile vimulimuli vya pembe-pembe kabla hakijaanza. Na haulizi umekuja mara ngapi mwezi huu, ingawa uso wako anaujua vizuri kuliko wa shemeji yake.

Binamu yangu anauza kava na chaja za simu barabara ya Luthuli, mjini. Kipandauso chake kilikuwa cha kuja na kuondoka, mara moja moja. Akazoea zile tembe za mchanganyiko: aspirini, parasetamoli na kafeini humo humo. Zilimfaa, na kufaa huko ndiko kulikomponza. Akaanza kuzimeza akihisi tu kwamba kitaanza. Kisha akawa anazimeza asubuhi kwa tahadhari, kwa sababu duka halifungwi kwa ajili ya kichwa. Haukupita muda mrefu akawa anaamka na maumivu kila siku ya Mungu. Akapimwa malaria, katika mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako malaria ni nadra, na yeye hajatoka nje ya mji huo tangu Krismasi. Akapimwa taifodi kwa kipimo cha Widal, ambacho sijawahi kusikia kikimwachilia mtu, akapewa antibiotiki. Akanunua miwani. Akaombewa. Katika safari yote hiyo, kila aliyemwona alimwongezea tembe za maumivu.

Kumbe zilikuwa ni zenyewe. Jambo hili si siri, lipo kwenye vitabu vya madaktari na lina vipimo vyake: ukimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, au zile za mchanganyiko, zenye kodeini, au triptani (dawa maalumu za kukatiza kipandauso) siku 10 au zaidi kwa mwezi, na ukaendelea hivyo kwa zaidi ya miezi 3, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayokuumiza kichwa. Zinahesabiwa siku, si vidonge. Mtu anaweza kuwa anameza kidonge kimoja tu kwa siku, akajiona mwenye kiasi, na bado akawa ndani ya shimo. Na kutoka humo kunachukiza: ukiacha, kichwa kinazidi kwanza, siku kadhaa, hata wiki mbili, ndipo kinaanza kulegea. Wanaomeza zenye kodeini wasijaribu peke yao, wamwone daktari.

Hivi ingegharimu nini duka la dawa kuuliza swali moja? "Hizi umezimeza siku ngapi mwezi huu?" Swali moja! Benki inajua ukitoa pesa usivyo kawaida yako, inakupigia simu. Anayekuuzia dawa kila siku hana habari nawe.

Halafu kuna kinga yenyewe. Ipo, si ya jana, wala si ya matajiri. Propranololi ilitengenezwa miaka ya 1960 na Mskoti James Black kwa ajili ya wagonjwa wa moyo, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka 1966 madaktari waliokuwa wakiwapa dawa hiyo wagonjwa wenye maumivu ya kifua walikuta, bila kutafuta, kwamba kipandauso kilipungua. Leo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa kazi hiyohiyo. Ipo amitriptilini, nayo ya zamani, inayoanzwa kwa kipimo kidogo, mara nyingi miligramu 10 usiku. Zipo nyingine. Vidonge hivi vyote humezwa kila siku, hata siku usiyoumwa, na hapo ndipo Wakenya tunapogoma. Tutameza tembe za maumivu asubuhi na jioni bila kuhesabu, lakini kidonge cha kinga tunakiogopa eti "utazoea dawa."

Na aibu iliyopo! Mimi niko kwenye propranololi. Shangazi alipoiona mezani akaanza kulia kwamba nina presha katika umri huu, na jioni hiyohiyo familia yote ilikuwa inaniombea moyo. Wa amitriptilini wana mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu hutumika pia kwa sonona. Rafiki yangu mmoja aliulizwa na muuza dawa, kwa sauti ya chini kabisa, kama nyumbani kuna mtu wa kumwangalia.

Sitawadanganya kwamba dawa hizi za kinga ni muujiza. Hupewa miezi miwili mitatu kwenye kipimo kinachofaa kabla ya kuhukumiwa, na mashambulizi yakipungua nusu, madaktari huhesabu hayo ni mafanikio. Mwanzoni nusu niliiona dharau. Leo nusu yangu siiuzi. Propranololi haimfai mwenye pumu. Amitriptilini inakausha mdomo na inaongeza usingizi, wakati mwingine na kilo. Valproeti, nayo dawa ya kinga, isikaribie mwanamke anayeweza kushika mimba. Zile sindano mpya za kinga za kila mwezi, zilizoanza kuidhinishwa Marekani mwaka 2018, nazisoma tu kama ninavyosoma bei za nyumba za Runda, kwa matajiri.

Dada zangu, hapa naomba mnisikilize vizuri. Kama kabla ya kichwa unaona vimulimuli, au kipande cha mbele yako kinapotea, au mkono unafa ganzi, mwambie anayekupa vidonge vya kupanga uzazi. Vile vya mchanganyiko vyenye estrojeni, pamoja na kipandauso cha aina hiyo, vinaongeza hatari ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani linasema visitumike kabisa. Njia nyingine zipo. Ukiulizwa kama unaumwa na kichwa usijibu "kidogo tu." Eleza vimulimuli. Na yeyote ambaye kichwa kimempiga ghafla kwa nguvu asizowahi kuzijua, au kimekuja na homa na shingo ngumu, au upande mmoja wa mwili umelegea, huyo si wa kusoma blogu, ni wa kukimbizwa hospitali sasa hivi.

Nirudi kwa waajiri, kwa kifupi, maana nikianza sitamaliza. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Anayelazwa na kipandauso siku mbili kila mwezi anazimaliza kabla ya Agosti. Na ili zihesabiwe anadaiwa karatasi ya daktari, maana yake aamke anatapika, apande matatu ya taa za zambarau, akae benchi saa tatu chini ya mirija ya umeme inayopepesa, ili athibitishiwe kwamba alipaswa kuwa amelala gizani. Kisha mwajiri huyohuyo ananunua mishumaa.

Mnaougua wenzangu, chukueni daftari la shule, lile la bei rahisi. Andikeni tarehe, kilidumu saa ngapi, mlimeza nini, na hedhi ilikuwa wapi. Baada ya miezi michache lipelekeni kwa daktari. Likionyesha siku nne au zaidi kwa mwezi, ombeni kwa jina: nataka tuzungumzie dawa ya kuzuia. Akiwajibu kwamba mpunguze mawazo, mwulizeni yapunguzwe kwa miligramu ngapi, na mara ngapi kwa siku.