Nani kawaambia Waingereza wa kijijini hawajuani?

Kila nikiongea na watu wa nyumbani Muheza, mkoani Tanga, kuna ile sentensi haikosi, eti "huko si kila mtu na lake, jirani akifa mnajua kwa harufu". Wanaoishi London wakisema hivyo siwabishii, sijakaa huko. Ila mimi niko Shropshire, kijijini kabisa, upande wa kuelekea mpaka wa Wales, kondoo ni wengi kuliko watu, basi linapita mara chache kwa siku na Jumapili halipiti kabisa, nafanya kazi ya kulea wazee, na nasema bila kumumunya maneno kwamba hawa watu wa vijijini wana ujirani, tena wanauendesha kwa nidhamu ambayo sisi tunaijua kwenye harusi tu. Kuna sehemu moja wanapwaya vibaya na nitaisema, lakini kwanza tuwape haki yao.

Anza na habari. Kila mwezi kuna kijarida kinaingizwa kwenye tundu la mlango, kinaletwa na mama mmoja jirani anayetembea nyumba hadi nyumba na mvua yake, halipwi hata senti. Ni kijarida cha kanisa lakini kinaenda kwa kila mtu, mimi Muislamu napata, yule mkulima asiyeamini chochote anapata. Ndani kuna ratiba ya ibada, halafu siku ya mkutano wa halmashauri ya kijiji, siku ya kikundi cha kina mama, usiku wa chemsha bongo, asubuhi ya kahawa na keki ukumbini, wiki gani wanachukua pipa lipi la taka, matangazo ya fundi bomba na wanaosafisha dohani na jamaa anayekamata fuko (kweli kabisa, kuna mtu kazi yake ni kukamata fuko), paka wa nani kapotea. Mwisho kuna ukurasa wa shukrani na huo ndo naupenda kuliko zote, kwasababu wanamshukuru kila mtu kwa jina: aliyeleta meza, aliyepanga viti, waliobaki kuosha vikombe. Nyumbani anayetajwa ni mgeni rasmi, waliopika pilau tangu saa kumi alfajiri hakuna anayewajua.

Halafu hela. Jamani hela! Wakifanya sherehe yao ya kiangazi toleo linalofuata la kijarida linakuambia keki zimeingiza ngapi, bahati nasibu imeingiza ngapi, wametoa ngapi kukodi turubai, imebaki ngapi na imeenda wapi, hadi senti za mwisho. Hakuna aliyeuliza, wameandika wenyewe. Mimi nimechangia paa la zahanati nyumbani, nimetuma kwa simu na ujumbe wa uthibitisho ninao, mpaka leo nikiuliza naambiwa "dada tupo kwenye mchakato". Mchakato gani, mabati yanachakatwa?

Na hiyo halmashauri ya kijiji msidhani ni kitu cha kigeni kwetu, ni ileile tuliyonayo sisi. Ya kwao ilianzishwa kwa sheria ya 1894, kabla ya hapo mambo mengi ya kijiji yalikuwa mikononi mwa kanisa, na sasa England nzima ziko karibu 10,000 ukijumlisha na zile za miji midogo. Wajumbe kwa kawaida hawalipwi mshahara. Hela ya halmashauri inatoka kwenye kipande kidogo cha kodi ya nyumba tunayolipa wote. Sheria inawabana wabandike tangazo la kikao siku 3 kamili kabla, na mtu yeyote anaruhusiwa kwenda kukaa nyuma akasikiliza, pia lazima kila mwaka kati ya tarehe 1 Machi na 1 Juni kuwe na mkutano wa wanakijiji wote. Sasa sisi sheria yetu ni kali zaidi, mkutano mkuu wa kijiji kila miezi 3 na mapato na matumizi yasomwe. Niambie mara ya mwisho kusomewa ni lini.

Nimeenda kwenye vikao vyao kwa udadisi tu. Vinachosha, sitawadanganya. Wanaweza kujadili benchi moja la kukalia kuanzia jua likiwaka mpaka giza, liwe la mbao au la plastiki iliyorudishwa kiwandani, liangalie barabara au liangalie mto. Mashimo ya barabarani. Kinyesi cha mbwa. Kinyesi cha mbwa ni ajenda ya kudumu, wala hawacheki, kuna mzee anapandisha mpaka masikio yanakuwa mekundu. Lakini benchi likiwekwa linawekwa, na ukipita pale unajua lilinunuliwa bei gani.

Kitu kilichonigusa zaidi ni kile kibanda chekundu cha simu, vile mnavyoviona kwenye picha za utalii. Simu zenyewe hakuna anayepiga tena, basi tangu 2008 kampuni ya BT inaviuza kwa paundi 1 kwa vijiji vinavyotaka, wengine wamegeuza maktaba ya kubadilishana vitabu, cha kwetu wameweka mashine ya kushtua moyo. Ambulansi inatoka mbali, wote wanajua hilo, kwaiyo wakachangishana, wakanunua mashine, wakaita mtu wa kufundisha ukumbini, na bibi wa miaka themanini na kitu akapiga magoti sakafuni anakandamiza kifua cha mdoli huku anahesabu kwa sauti. Hawa ndo mnaniambia hawana habari na jirani?

Sherehe ya kiangazi sasa. Kuna kuvuta kamba, mbio za magunia, meza ya nguo za mitumba (ndio, hata wao wanagombania mitumba, tena wanapunguziana bei vilevile kama Tangamano kule Tanga), na kuna mchezo wa nazi. Nazi kavu, ile ya kukunia, wameipachika juu ya mti mfupi wenye kikombe, unalipa unapewa mipira ya mbao, ukiidondosha ni yako. Mimi mtoto wa Tanga nilipe hela nirushie nazi mipira! Nikacheka mpaka nikakaa chini. Na mshindi mwenyewe hajui aifanyeje, mzee mmoja akanipa yake akisema labda wewe una matumizi nayo. Nikaipasua kwa mgongo wa kisu, mbuzi sina huku nikakwangua kwa kikwangulio cha jibini, nikapika wali nikaupeleka kwenye chai ya kina mama, ukaisha kabla ya keki. Tangu hapo kila mwaka wananiwekea nazi.

Agosti kuna maonyesho ya mazao ukumbini, ni kama Nane Nane isiyo na hotuba. Vitunguu vitatu kwenye sahani, vinatakiwa vifanane kama mapacha, shingo zimefungwa kwa uzi, mung'unye refu kama mtoto mchanga kwenye meza ya pembeni, na jaji anatoka kijiji kingine ili asipendelee. Milango inafungwa akiwa ndani. Keki yao ya Victoria ina masharti yake, katikati jamu tu, krimu hapana, juu sukari ya kunyunyiza, na jaji anaiinua anachungulia chini kama kuna michirizi ya waya uliotumika kuipozea, ikiwepo unakatwa maksi. Zawadi ni kikaratasi na hela ya kununulia soda. Watu hawasalimiani wiki nzima kwa ajili ya kikaratasi hicho, na hapo ndipo nikaona kumbe binadamu ni walewale.

Msidharau lakini michezo hii ya vijijini. Hapahapa Shropshire kuna kamji kadogo kanaitwa Much Wenlock, daktari wa pale William Penny Brookes alianzisha michezo yake 1850, watu wanakimbia, wanacheza kriketi, na kulikuwa na mbio za bibi wazee zawadi ni ratili ya majani ya chai. Mfaransa Coubertin, yule mwanzilishi wa Olimpiki za kisasa, akaja kutazama 1890, miaka 6 baadaye Olimpiki ikachezwa Athens. Ndo maana yule kikaragosi wa Olimpiki ya London 2012 aliitwa Wenlock. Michezo yenyewe bado ipo kila Julai.

Novemba wanasimama kwenye jiwe la mashujaa wanasoma majina ya vijana wa kijiji waliokufa vitani, majina ya ukoo yaleyale unayoyaona kwenye masanduku ya barua mpaka leo. Mzee mmoja aliposikia natoka Tanga akaniambia Tanga anaijua, mapigano ya Novemba 1914, Waingereza wakashambuliwa mpaka na nyuki. Nikamwambia na sisi makaburi yao yapo, yametunzwa, wapagazi wetu waliobeba mizigo ya vita ileile wakafa kwa maradhi na njaa wengi wao hawana hata kaburi lenye jina, na hiyo tume yao ya makaburi ya vita ilikiri yenyewe kwenye ripoti ya 2021. Akanyamaza, akasema hakulijua hilo. Toleo la mwezi uliofuata akaandika aya fupi kuhusu wapagazi. Sikumwomba.

Sasa pale wanapopwaya. Kifo na ugonjwa. Kijarida kinakuambia paka kapotea lakini jirani yako akilazwa hospitali hujui mpaka usome "familia inawashukuru wote waliotuma kadi", na hapo ameshatoka au ameshazikwa. Mtu anakufa, mazishi yanakuja baada ya wiki mbili tatu, kanisani nusu saa, baada ya hapo sandwichi na chai kwenye baa ya kijiji, saa kumi jioni watu wote wameondoka na mjane anaingia nyumbani kwake peke yake anawasha taa. Peke yake! Hakuna mkeka, hakuna shangazi, hakuna mtu wa kulala naye hata usiku mmoja. Kwetu spika ya msikiti ikikohoa tu vibaraza vyote vinanyamaza kusikiliza nani katutoka, mara nyingi siku hiyohiyo kazikwa, na wanawake wameshajaa uani.

Mimi nilishindwa. Mama wa nyumba ya tatu kafiwa na mumewe, nikabeba sufuria la mchuzi wa kuku nikagonga. Akafungua, akaona sufuria, akabaki kasimama hajui anikaribishe au anishukuru palepale mlangoni. Nikaingia bila kusubiri, nikatafuta sahani mwenyewe. Alikula. Aliongea mpaka saa nne usiku, mambo ya mumewe, trekta lake, ugomvi wao wa kwanza. Baadaye sufuria likarudi limesuguliwa kung'aa kuliko nilivyolinunua, ndani chupa ya jamu ya damson, zile plamu chungu za huku, nikasema basi huyu angezaliwa Muheza.

Nikiwauliza kwanini hawaendi wanasema hawataki kumsumbua mtu kwenye wakati mgumu. Nawaelewa na sikubaliani nao. Kwanini uwe na mashine ya moyo kwenye kibanda, umefundishwa kupiga kifua, halafu moyo ukishasimama usigonge mlango wa aliyebaki?

Ila na sisi tusijisifu sana. Msiba siku hizi una bajeti, una sare, una MC, mwenye daftari anakusoma kwa jina umetoa elfu ngapi, na ukiwa nje ya nchi unawekwa kwenye magrupu ya WhatsApp ya watu usiowajua hata sura. Hapo sina tena ubishi na wazungu, sandwichi zao na saa kumi jioni kila mtu kwake, angalau hawamwachii mjane deni la turubai.

Na wenzangu mliotawanyika vijijini huku mnaolia upweke, wengi wenu hamwendi kwasababu "sijaalikwa". Hakuna atakayekualika, tangazo likishabandikwa ubaoni ndo kadi yako hiyo. Siku ya kwanza watakuangalia, mimi niliingia ukumbini na mtandio wangu wakanyamaza kidogo, halafu mmoja akaniuliza maziwa au bila maziwa. Kamari sichezi, bahati nasibu yao natoa hela bila kuchukua tikiti na wameshazoea, nyama ya nguruwe wanajua sili. Nenda mapema, kamata kitambaa, futa vikombe. Hawa watu ukishafuta nao vikombe hawakuachi tena. Ila ujue unaenda kukaa na wazee, vijana wamehama maana nyumba zimepanda bei, zinanunuliwa na wastaafu kutoka mijini, na duka letu linaendeshwa na watu wa kujitolea la sivyo lingeshafungwa. Wakiondoka hawa sijui nani atapeleka kijarida.

Mwenyekiti wa kijiji chetu kule nyumbani, najua wanao watakusomea hii. Ubao wa matangazo nitanunua mimi, misumari na kufuli pia, fundi nitamlipa. Wewe lete ile hesabu ya paa la zahanati tuibandike.