Moto wa Mei, moto wa Oktoba

Kila kiangazi, majani yakianza kukauka pembezoni mwa Lubumbashi, mabishano hurudi. Wapo wanaotaka moto upigwe marufuku porini kabisa. Wengine wanasema bora uwashwe mapema, Mei au Juni, nyasi za chini ya miti zikiwa bado na ubichi.

Wa kwanza wana hoja. Miombo, pori letu la miti inayopukutisha majani, ikikaa miaka mingi bila kuungua, vichaka hujaa chini, kivuli huzidi, na polepole pori huelekea kuwa muhulu, ule msitu mzito usiopukutisha majani. Ila nani atauzuia huo moto? Mwinda panya anawasha, mchoma makala (makaa ya kuni) anaacha tanuru likifuka, mwenye shamba anasafisha. Nyasi zilizolindwa tangu Mei huwa kuni tupu ifikapo Oktoba, na miti wakati huo imeshatoa majani yake mapya mekundu kabla ya mvua. Moto unayababua.

Ndola, ng'ambo ya mpaka, Zambia, jambo hili lilianza kupimwa kwenye viwanja vya majaribio miaka ya 1930. Penye moto wa mwisho wa kiangazi miti iliisha, zikabaki nyasi. Penye moto wa mapema miombo ilidumu. Pasipo moto, vichaka vya kijani vikaingia. Kwa hiyo mimi niko na watu wa Mei, lakini si kila mahali.

Maana pande zote mbili hubishana kana kwamba msitu bado umesimama. Nenda palipokatwa makala: msitu wenyewe uko magotini. Fukua chipukizi moja lisilofika goti, huenda ukakuta mzizi mnene kuliko shina lake mara kadhaa. Limeungua mwaka hadi mwaka na kuanza upya kutoka chini. (Na sisi tunaliita gugu!) Hapo hata moto wa Mei unalirudisha nyuma. Linataka kuachwa miaka kadhaa, kilele kipite kimo cha miali. Kufyeka ukanda kuzunguka visiki hivyo kunawezekana kwa kijiji kimoja. Kulinda pori zima hakuwezekani.

Wauza bowa, yaani uyoga, wangepaswa kuitwa kwenye mabishano haya. Bowa nyingi wanazopanga kandokando ya barabara mvua zikikolea huishi na mizizi ya miti hiyohiyo, na mchoma makala akirudi kwenye visiki kabla havijapona, hakuna tarehe ya moto itakayozirudisha.